Kung'arisha na kulinda gari kwa vitu vya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Naosha gari langu mwenyewe karibu kila Jumamosi, naishi Kigamboni kwa hiyo chumvi ya bahari na vumbi ni vitu ninavyovijua vizuri, na majirani wakiona ndoo iko nje wanakuja na maswali. Mengi ni yaleyale, nimeyaandika hapa pamoja na majibu. Kitu kimoja nitangulize maana ndo kinarudi kwenye kila jibu: kusafisha ni jambo moja, kung'arisha ni lingine, kulinda ni la tatu. Vitu vya nyumbani vingi vinasafisha, vichache vinang'arisha kwa siku mbili tatu, na vya kulinda rangi karibu hakuna. Ukichanganya hayo matatu ndo unajikuta kwa fundi rangi.

Naosha kwa sabuni ya unga miaka yote na gari linang'aa tu, tatizo liko wapi?

Tatizo halionekani siku hiyo. Gari nyingi tunazoendesha rangi yake ina tabaka, chini kuna primer, yani rangi ya msingi, juu yake rangi yenyewe, halafu juu kabisa kuna klia, ile inayoonekana kama kioo, na klia hiyo mara nyingi ni maikroni 40 au 50 tu, yani nyembamba kuliko unywele. Mng'ao wote unatoka kwenye hiyo klia ikiwa laini, na juu ya klia ndo panakaa waksi kama gari imepakwa. Sasa sabuni ya unga imetengenezwa kung'oa mafuta kwenye nguo, ndani yake kuna sodiamu kaboneti, ndugu yake magadi, na waksi kwake ni mafuta tu kama mafuta mengine, inaing'oa. Baada ya hapo klia iko uchi na jua la Dar unalijua.

Halafu kuna chembe ambazo hazijayeyuka. Mtu anamwaga sabuni kwenye ndoo anakoroga kidogo anaanza kusugua, zile chembe pamoja na mchanga zinachora mikwaruzo midogo ya mviringo, ukisimama juani unaiona kama utando wa buibui.

Mimi gari yangu ya kwanza ilikuwa nyeusi, niliosha kwa sabuni ya unga miaka miwili bila waksi hata mara moja, ikawa inalala juani, na mwaka wa tatu klia ya juu ya paa na boneti ikaanza kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Ikishabanduka hakuna polishi inayorudisha, ni kupiga msasa na kupaka upya. Iliniuma sana, na ndo sababu nalisemea jambo hili kila nikipata nafasi.

Ukitaka kujua kama bado una kinga, mwagia maji boneti safi. Maji yakijikunja matone na kukimbia kama kwenye jani la magimbi, kinga ipo. Yakilala na kutanda kama kwenye meza ya mbao, huna kitu.

Na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo?

Ina afadhali kwa sababu haina chembe, lakini nayo kazi yake ni mafuta, ukiitumia kila wiki waksi haikai. Ina siku yake nzuri moja: siku unayotaka kupaka waksi mpya, hapo unataka ya zamani itoke, osha nayo, suuza sana, kausha, paka.

Zile za kutengeneza mtaani zinazouzwa kwenye chupa za maji au madumu tuwe makini nazo. Sisemi mbaya, akina mama wengi wanaishi kwa kazi hiyo na kwenye vyombo zinafanya kazi vizuri. Ila anayejua zinavyotengenezwa anajua kuna sulfoniki na slesi, kemikali za kutoa povu na kung'oa mafuta, magadi soda, na chumvi ya kufanya iwe nzito, na vipimo ni mkono wa mtengenezaji, leo kali kesho poa. Chumvi hiyo isiposuuzwa vizuri ikakaa kwenye sehemu ambayo jiwe limeshadonoa rangi hadi bati, kutu inapata njia.

Kama huna shampuu ya gari kabisa, chukua shampuu ya mtoto, kijiko kimoja au viwili kwa ndoo, inatosha. Ni laini na haimalizi waksi haraka. Ila shampuu ya gari yenyewe chupa moja inakaa muda mrefu maana unatia kidogo sana kwenye ndoo, piga hesabu utaona tofauti na sabuni ya unga ni ndogo.

Sabuni ya mche?

Hapana. Ni kali, na kwenye maji yetu ya chumvi inaacha ule utando mweupe ambao kuutoa ni kazi nyingine.

Maji ya kisima yanaacha madoa meupe kwenye vioo na rangi, nifanyeje?

Hilo ni swali la watu wengi wa Dar. Maji ya kisima mengi yana chumvi na chokaa, yakikauka juani maji yanaondoka madini yanabaki, na yakikaa wiki nyingi yanakula kioo na klia, doa linakuwa kama kovu. Hapa siki nyeupe ya jikoni inasaidia kweli, changanya nusu kwa nusu na maji, lowesha kitambaa, weka juu ya doa dakika moja au mbili, futa, suuza kwa maji mengi. Kwenye kioo usiogope, kwenye rangi fanya haraka na kivulini, usiache ikauke, na ujue waksi ya hapo imepungua, paka tena. Usipeleke siki kwenye rimu za aluminiamu zisizo na klia, zinafubaa.

Ila kuzuia ni rahisi kuliko kutoa. Osha asubuhi au jioni, boneti iwe ya baridi ukiigusa, kausha palepale. Na kama una maji ya bomba ya dawasa ya kutosha hata ndoo moja, ifanye hiyo ndo ya mwisho ya kusuuzia.

Vijana wengi wa kuosha magari wanafuta bodi kwa mafuta ya taa ili ing'ae, ni sawa?

Inang'aa, sikatai. Kinachong'aa ni utando wa mafuta juu ya rangi, unajaza mikwaruzo kidogo na rangi inaonekana nzito. Kesho yake utando huo umebeba vumbi la barabara nzima, na kesho kutwa ukifuta lile vumbi kwa tambara unasugua mchanga kwenye klia. Mafuta ya taa pia yanavimbisha raba za milango na vioo, taratibu lakini yanavimbisha, mwisho mvua inaingia ndani. Na ni kitu kinachoshika moto, mtu anafuta mpaka karibu na injini ya moto.

Kazi ambayo yanaweza ni kutoa lami. Ukipita barabara inayotengenezwa unarudi na vidoa vyeusi chini ya milango, hapo mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa yanatoa, lakini hata mafuta ya kupikia yanatoa, unapaka, unasubiri dakika tano hadi kumi lami ilainike, unafuta bila kukandamiza, unaosha pale kwa sabuni. Mimi natumia ya kupikia siku zote. Inafanya kazi pia kwenye gundi ya stika za zamani, za bima na zile za Nenda kwa Usalama ambazo zimekaa kwenye kioo miaka.

Asetoni ya kutolea rangi ya kucha, thina na petroli usithubutu kwenye rangi wala kwenye taa. Thina kazi yake ni kuyeyusha rangi, sasa ukiipaka kwenye rangi unategemea nini.

Kupuliza dizeli au oili chafu chini ya gari kunazuia kutu?

Hii inaniumiza maana nia ya mwenye gari ni njema kabisa. Sisi tunaovuka na kivuko cha Magogoni kutu tunaiogopa kweli, upepo wa bahari unabeba chumvi na inaingia kila kona. Oili inazuia maji kugusa chuma, hilo ni kweli. Tatizo ni kwamba chini ya gari pia kuna bushi, buti za jointi, mipira ya injini, vyote raba, na raba nyingi haipatani na dizeli, inavimba, inalegea, inachanika. Unaokoa bati unanunua bushi. Zaidi ya hapo vumbi linashika kwenye oili linakuwa tope linaloshikilia unyevu, na oili chafu ikirushiwa diski za breki ni hatari ya moja kwa moja.

Fanya hivi: kila ukiosha gari osha na chini yake, kwa maji yasiyo na chumvi na presha, hasa ndani ya matao ya tairi ambako tope linakaa. Ukiwa na nafasi fundi anayejua apake kinga maalumu ya chini ya gari, ile nzito nyeusi au ya waksi, baada ya kusafisha na kukausha. Ikipakwa juu ya kutu na uchafu inafunika ugonjwa tu.

Dawa ya meno inasafisha taa zilizokuwa za njano?

Inasafisha. Taa za sasa ni plastiki ya polikaboneti na ina tabaka la kuzuia mionzi ya jua, tabaka likichoka plastiki inakuwa njano na kufifia, ndo maana gari zilizokaa juani zina taa kama macho ya mtu mwenye manjano. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia, ukisugua kwa kitambaa chenye maji kwa dakika kadhaa unakwangua ile njano na taa inafunguka. Nimefanya mara nyingi kwa watu.

Lakini umetoa tabaka la njano bila kuweka kinga mpya, kwa hiyo jua linaanza upya na kwa kasi zaidi. Wiki chache hadi miezi michache unarudi palepale. Ukishasugua angalau paka waksi juu ya taa na urudie kila mwezi, au fundi akishapiga msasa laini apulize klia, hapo unakaa muda mrefu. Na kabla hujaanza bandika selotepu kwenye rangi inayozunguka taa usije ukaikwangua. Taa kama imefifia kwa ndani au ina maji, dawa ya meno haiwezi kitu.

Tairi nizing'arishe na nini?

Watu wanatumia mafuta ya kula, dizeli, Kiwi ya viatu, hata soda. Mafuta ya kula yanakamata vumbi na ukianza kutembea yanarushwa mlangoni. Dizeli inadhuru raba, sina la kuongeza. Soda ina sukari, itanata na kuita sisimizi. Kiwi nyeusi inafanya tairi nyeusi kwa siku moja, mvua ikinyesha inachuruzika.

Cha nyumbani ambacho mimi naona kina maana ni gliserini, ile ya duka la dawa. Haigombani na raba, inayeyuka na maji kwa hiyo haikai sana lakini haidhuru. Changanya na maji, paka ubavuni baada ya kusugua tairi kwa brashi na sabuni, futa iliyozidi. Usipake kabisa sehemu inayokanyaga barabara, wala pikipiki usiipake kabisa, utaanguka. Raba za milango nazo zipake gliserini, haswa ukiwa na gari la zamani ambalo raba zinakauka.

Ule ukahawia kwenye tairi si uchafu peke yake, ni dawa zilizomo ndani ya raba zinazojitokeza nje kuilinda na hewa.

Dashibodi yangu imefifia, mafuta ya nazi yanafaa?

Siku ya kwanza inapendeza. Wiki ya pili inanata, vumbi limeganda, na mafuta ya nazi yakikaa kwenye joto yanachacha, gari inanuka. Kubwa zaidi ni mwanga: dashibodi inayong'aa inarudisha jua kwenye kioo cha mbele na unashindwa kuona vizuri mchana wa saa saba. Losheni ya mwili vilevile. Futa kwa kitambaa chenye maji na tone la shampuu ya mtoto, kisha kitambaa kikavu, basi. Dashibodi inalindwa na ile kava ya kioo cha mbele unayoitandaza ukipaki, hakuna mafuta yanayoishinda.

Sanitaiza zenye spiriti tulizozoea kufutia kila kitu wakati wa korona, zikirudiwa sana zinafubaza plastiki na kioo cha redio. Hata dawa za mbu za kujipaka zenye DEET zinayeyusha plastiki, ukishajipaka nawa mikono kabla hujashika usukani.

Viti vya kitambaa vichafu, niweke Jik?

Usiweke. Inatoa rangi ya kitambaa, na ikigusa mikanda inadhoofisha nyuzi zake, mkanda ndo unaokushika siku ya ajali. Na kamwe Jik isikutane na siki wala na dawa za choo zenye asidi, inatoka gesi ya klorini, ndani ya gari lililofungwa ni sumu. Tumia povu: koroga sabuni kidogo ya maji, chukua povu tu, sugua kwa brashi laini, futa kwa kitambaa chenye maji, acha milango wazi mpaka pakauke kabisa. Harufu ikibaki nyunyiza bekingi soda kavu usiku mzima, asubuhi vuta kwa vakyumu.

Viti vya ngozi vya magari mengi vimepakwa tabaka jembamba la plastiki juu, mafuta ya kupaka hayaingii ndani kama watu wanavyodhani, yanakaa juu tu na kuchafua suruali. Kitambaa chenye maji kinatosha.

Vioo je?

Maji na siki kidogo, kitambaa safi kisichoacha nyuzi, umemaliza. Kama una tinti usitumie dawa za vioo zenye amonia, zinaharibu filamu, inapata mapovu. Kwa wa Mbeya, Njombe, Lushoto na kote kwenye baridi, vioo vikishika ukungu kwa ndani paka povu la kunyolea ndevu kidogo, lisambaze, futa mpaka kioo kiwe wazi, ukungu utapungua kwa siku kadhaa.

Kinyesi cha kunguru na utomvu wa mwembe?

Hapa usisubiri Jumamosi. Kinyesi cha ndege kina asidi, na bodi ikipata joto klia inalainika, usiku ikipoa inajikaza kuzunguka lile doa, linabaki alama hata ukiosha. Kunguru wa Dar wanafahamika. Lowesha karatasi ya tishu au kitambaa, kilaze juu dakika kumi, nyanyua usisugue, maana ndani yake kuna mbegu na mchanga. Mimi natembea na chupa ya maji na kitambaa kwenye buti kwa kazi hiyo tu.

Utomvu mbichi unatoka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Ulioganda unalainishwa na mafuta ya kupikia au spiriti ya duka la dawa kidogo kwenye kitambaa, pale pale tu, halafu suuza na upake waksi.

Mlinzi wetu anafuta gari kila asubuhi kwa tambara kavu, kuna ubaya?

Anafanya kwa moyo na mshukuru, lakini mwombe aache. Vumbi letu ni mchanga, tambara kavu juu ya mchanga ni msasa, na gari nyeusi zinaonyesha kila mstari. Kama lazima gari liwe safi asubuhi, amwagie maji kwanza mchanga uteremke, kisha apitishe kitambaa laini chenye maji. Na kitambaa kilichoanguka chini hakirudi kwenye gari. Dodoki na stili waya vibaki jikoni.

Nina nta ya nyuki kutoka Tabora, naweza kutengeneza waksi mwenyewe?

Swali zuri na nimelijaribu. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 hivi, na boneti nyeusi juani mchana inaweza kufika huko. Kwa hiyo inalainika, inanata, inakusanya vumbi, haikai. Waksi za dukani nyingi zinatumia carnauba, nta ya majani ya mti wa jamii ya mitende unaoota Brazil, yenyewe inayeyuka kwenye 82 hadi 86, ni ngumu zaidi. Nta yako ya Tabora ipake kwenye viatu, mikoba na meza za mbao, huko ni mfalme.

Spray ya fanicha au kondishena ya nywele juu ya bodi?

Zina silikoni, zinang'arisha siku mbili, mvua moja zimeondoka. Na kama gari linakwenda kupakwa rangi usiguse kabisa, silikoni ikibaki rangi mpya inakataa kushika, inafanya vijishimo, fundi atarudia kazi.

Sasa kinachokinga ni nini hasa, na napakaje?

Waksi ya gari au silanti, yani kinga ya kemikali inayopakwa kama waksi. Ya carnauba kwa jua letu hesabu mwezi hadi miezi miwili, silanti za viwandani miezi minne hadi sita hivi ukiosha kwa shampuu sahihi. Gari safi, kavu, kivulini, bodi ya baridi. Chukua kidogo sana, paka paneli moja moja, tabaka jembamba mpaka uone ukungu tu, subiri iwe ukungu mkavu, futa kwa maikrofaiba safi upande mmoja kisha ugeuze. Wengi wanakosea kwa kupaka nene wakidhani inalinda zaidi, ile ya ziada unaifuta tu na mikono inauma. Usiguse plastiki nyeusi zisizopakwa rangi, inaacha weupe.

Ukifuta na kitambaa cheupe kikapata rangi ya gari, ujue hapo hakuna klia, ama rangi ni ya tabaka moja ama klia imeisha. Usiendelee kusugua kwa polishi yenye chembe, paka waksi laini tu.

Unga mweupe kwenye vichwa vya betri?

Bekingi soda kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji. Zima gari, toa waya wa hasi kwanza, mimina kidogo, itachemka, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza, kausha, usiruhusu iingie ndani ya betri kupitia vifuniko. Ukisharudisha waya, hasi mwishoni, pakaa Vaseline juu ya vichwa. Hapo kitu cha bafuni kinalinda kweli.

Nimepaka rangi upya, nianze waksi lini?

Muulize fundi alitumia rangi gani, kwa kawaida wanasema subiri siku 30 na wengine hadi 60, rangi bado inatoa hewa ya thina na waksi inaiziba. Kipindi hicho osha kwa maji na shampuu laini, paki kivulini, kinyesi cha ndege kitoe saa hiyohiyo.